Wakili ananijua tangu skuli, kitambulisho cha nini tena?

Skuli zimefungwa na karafuu zinaanikwa, kwa hiyo barua za mwezi huu ni zile zile za kila mwaka msimu huu, watu wamerudi Pemba kutoka Unguja, Dar na Maskati, asubuhi wako kwa wakili na makaratasi ya mirathi, jioni wanatafuta pa kuwapeleka watoto. Nimezichanganya zote hapa, ukisoma ya mhuri utakutana na ya magofu, nisameheni.

Maalim, mimi ni wa Wete. Nimekwenda kwa wakili kugongesha mhuri kwenye hati ya kiapo, wakili mwenyewe tumesoma pamoja, tumecheza mpira pamoja, harusi yangu kaja. Kanambia nirudi nyumbani nikachukue Zan ID, kile kitambulisho cha Mzanzibari. Nimeona kama kanidharau. Kweli sheria inataka hivyo au kajitia tu? – Msomaji, Wete

Hajakudharau, lakini na wewe hujakosea sana. Ichukue hiyo hati yako uitazame chini kabisa, pale mwisho penye saini ya wakili. Utaona maneno ambayo watu hawayasomi: kwamba kiapo kimetolewa mbele yangu, siku fulani, mahali fulani, na mtu ambaye ama *namfahamu mwenyewe* ama *ametambulishwa kwangu na fulani, ambaye huyo namfahamu*. Moja katika hizo linabaki na jengine linakatwa. Kwa hiyo kwa asili yake kile kiapo hakikujengwa juu ya kadi, kimejengwa juu ya watu kujuana. Kama mmesoma pamoja basi wewe ni wa sentensi ya mwanzo, angeweza kuandika kuwa anakufahamu na mambo yakesha.

Sasa kwanini anataka kadi? Kwa sababu hati haikai kwake. Inakwenda benki, inakwenda ofisi ya ardhi, inakwenda mahkamani, na huko hakuna aliyecheza mpira na wewe. Mtu wa kaunta anataka namba ya kuilinganisha. Halafu tuseme ukweli, majina yetu Wapemba, ukisimama sokoni Chake Chake ukaita "Ali Khamis!" wanageuka watu saba na wawili wao ni wa shehia moja. Wakili akiandika anamfahamu Ali Khamis, ni yupi? Namba ndiyo inayowatenganisha. Akikosea ni yeye atakayeitwa kujieleza, wewe utakuwa ushauza shamba ushakwenda zako.

Ila kuna kosa kubwa kuliko la kusahau kadi na watu wanalifanya kila siku, nalo ni kutia saini nyumbani kisha unampa mtoto apeleke karatasi ikagongwe. Hapana jamani. Lile neno "mbele yangu" maana yake mbele yake, wewe na yeye mnatazamana, unaapa au kama ni Muislamu unathibitisha, ndiyo unasaini. Mimi mwenyewe, na leo ni Maalim wa kujibu watu, niliwahi kumsaidia jirani kwa njia hiyo, karatasi imesainiwa jana imegongwa leo na mwenye kiapo yuko shamba anaokota karafuu. Ilirudishwa na ofisi moja hapa hapa kisiwani, tarehe ya saini na ya mhuri hazikupatana, na mahali pa kiapo pameachwa wazi kama uwanja. Nilitoka pale naona haya hata kupanda gari. Kwa hiyo kabla hujaondoka kwa wakili tazama vitu vitatu, tarehe, mahali, na kama ile sentensi ya kujulikana imejazwa. Ukikuta zote mbili zimeachwa bila kukatwa, mwambie kwa adabu, "wakili, mimi ni yupi kati ya hawa?"

Assalaam alaykum Maalim. Mama yetu ni mtu mzima sana, hajui kusoma wala kuandika. Kwenye cheti cha ndoa ni Mwanaidi, kwenye Zan ID kaandikwa Mwana Iddi, na jina la baba yake ni Hamisi kwengine Khamis. Isitoshe kadi yenyewe imepotea. Tunataka mirathi ya baba, tuanze wapi? – Binti yake, Kengeja

Waalaykum salaam mwanangu. Anza na kadi, yaliyobaki yatafuata. Nenda polisi upate ile ripoti ya kupotelewa, kisha kwa sheha wenu, mkuu wa shehia, mpate barua, halafu ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ya wilaya yenu ya Mkoani. Mama lazima ende mwenyewe, alama za vidole hazipelekwi na mjumbe. Na mkishafika huko, jina lisahihishwe hapo hapo msisubiri siku nyengine.

Hilo la Mwanaidi na Mwana Iddi msilie nalo, ni la nusu ya Pemba. Karani mmoja aliandika alivyosikia, wa pili akaandika alivyosoma Kuraani, wa tatu alikuwa na haraka. Dawa yake ni hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, yaandikwe *yote*, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila karatasi, msiandike mnavyoyatamka nyinyi. Kama mama ana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nayo itazameni, ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa, mwaka kwanza, mwezi, kisha siku. Nimeona watu namba inasema 1948 na Zan ID inasema 1952, hapo jina limepatana lakini umri umegoma, bora mjue mapema kuliko mbele ya kadhi.

Kuhusu kutojua kusoma, anatia dole gumba, haina aibu yoyote. Lakini asome nani? Yule anayeshuhudisha kiapo ahakikishe mama kasomewa hati yote kwa lugha anayoifahamu na kakubali, na jambo hilo *liandikwe* kwenye hati yenyewe. Na asomewe kweli, si kuambiwa "mama weka hapa." Tena mimi ningependa asisomewe na mmoja wa warithi, hata kama ni wewe mwanangu na moyo wako safi. Maneno ya ndugu huanza hapo.

Akija mtu wa kumtambulisha, yaani kadi bado haijatoka na jambo lina haraka, basi awe mtu ambaye wakili anamfahamu. Hichi watu wanakifahamu kinyume. Wanaleta mtu anayemjua mama, jirani wa miaka arubaini, lakini wakili hamjui huyo jirani wala hajapata kumuona. Huo mnyororo umekatika katikati. Barua ya sheha inasaidia sana na maofisini wanaithamini, mana sheha ndiye anayejua nani kahamia nani kahama, ila barua peke yake bila mama mwenyewe kukaa kwenye kiti ni karatasi tu.

Maalim kaka yangu yuko Marekani, jimbo la California, na anataka kunipa uwakala, ile pawa ya atoni, nisimamie mikarafuu yake aliyorithi. Notari wa huko, yaani mshuhudiaji wa saini mwenye mhuri, kamkatalia kwa sababu pasi yake ya Tanzania imekwisha muda. Anasema huko kwao notari ni jirani yake na anamjua vizuri! – Dada mtu, Konde

Hapa pana kichekesho, mana kaka yako yuko upande wa pili wa yule bwana wa Wete. Huku kujulikana ndiko kwenye asili ya kiapo, California wamekufuta kabisa. Tangu mwanzo wa 2008 notari wa jimbo lile haruhusiwi kumkubali mtu kwa sababu tu anamjua, hata awe amemzaa. Lazima kadi, au mashahidi.

Kadi yenyewe iwe bado hai, au ikiwa imekwisha basi iwe imetolewa ndani ya miaka 5 iliyopita. Pasi ya nje inakubalika, kwa hiyo aitazame tarehe ya *kutolewa*. Pasi zetu ni za miaka 10, iliyokwisha juzi ilitolewa zamani, ndiyo hapo ilipomkwaza. Leseni yake ya udereva ya jimbo hilo inatosha, na ninashangaa kwanini asiitoe hiyo, au haendeshi? Kama hana chochote kabisa kuna njia ya mashahidi: mmoja ambaye notari anamjua mwenyewe na ana kitambulisho chake, au wawili ambao notari hawajui lakini kila mmoja ana kitambulisho, waape kuwa huyu ndiye. Ona, kujuana kumefukuzwa mlangoni kumerudi kwa dirishani.

Kwa kuwa ni hati ya uwakala, notari atamtaka atie dole gumba la kulia kwenye daftari lake la kumbukumbu, asishtuke akadhani anatuhumiwa. Malipo kwa sheria ya huko hayazidi dola 15 kwa kila saini. Hati ikiandikwa Kiswahili haina neno, ila ile sehemu ya notari mwenyewe lazima iwe ya Kiingereza. Na juu yake patakuwa na kiboksi kinachosema notari kathibitisha utambulisho wa aliyesaini tu, si ukweli wa yaliyomo. Kwa hiyo msije mkafikiri mhuri wa California umethibitisha kuwa mikarafuu ni yake, haukuthibitisha hilo hata kidogo. Kabla hajaituma aulize ubalozi wetu Washington mhuri gani mwengine unahitajika ndipo itumike Zanzibar, asije akalipa posta mara mbili.

Jambo la mwisho kwako dada. Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi, mtu ana haki ya kuitumia, na miti ni hesabu nyengine. Kwetu mikarafuu inaweza kuwa ya huyu na kiwanja cha yule. Hati iseme wazi anakupa kusimamia *miti*, kuchuma na kuuza karafuu, au na ardhi pia. Neno "shamba" peke yake limegombanisha watu wengi.

Shikamoo Maalim. Shamba letu upande wa Pujini mpaka wake kwenye karatasi ya zamani umeandikwa "hadi kwenye ukuta wa Mkama Ndume." Huyo Mkama Ndume alikuwa mtu kweli? Na tunaweza kutumia yale mawe? – Kijana, Pujini

Marahaba. Mawe usiyaguse, la pili nalijibu kwanza. Lile gofu ni kumbukumbu ya taifa, ni la watu wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, jiwe moja ukilitia kwenye msingi wa nyumba umejitafutia makubwa. Na mpaka huo mkaupimishe upya, ukuta wenyewe umebomoka sehemu nyingi, mtapimia wapi?

Sasa Mkama Ndume. Pujini iko kama kilomita 10 kusini mashariki ya Chake, na ile ngome ni ya karne ya 15, kabla Mreno hajaja. Anayetajwa ni Mohamed bin Abdulrahman, na hilo la Mkama Ndume ni lakabu, mwenye kukama wanaume, yaani aliwakamua watu kazi mpaka tone la mwisho. Wazee wanahadithia aliwafanya wajenzi wabebe mawe huku wakijiburura kwa matako, asiyeweza alikiona. Kuna kisima pia ambacho watakuonesha, kimegawiwa kwa ukuta, ati alikuwa na wake wawili wasioonana, kila mmoja ateke upande wake. Mimi kila nikikitazama nawaonea huruma walioteka, mana wake wa mfalme hawakuteka wenyewe bila shaka.

Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi pale walikuta chini ya ardhi chumba kilichotiwa chokaa na ukutani pamechongwa siwa, lile baragumu la kupuliza la wakubwa. Ukija kutazama hiyo ndiyo inayonisisimua mimi kuliko ukatili wake, mtu anayechonga siwa gizani chini ya ardhi si mkatili tu, alikuwa na itikadi zake na siri zake. Lakini watoto wenu waambieni ile ya matako, ndiyo watakayoikumbuka.

Kwa kuwa yuko na jina la ukoo na lakabu ya mtaani na kila kitabu kinaandika chake, huyu naye angehitaji hati ya kiapo ya majina.

Maalim tunakuja na watoto sita kutoka Unguja, tuna siku moja tu ya kaskazini. Twende wapi, na mambo ya viingilio vikoje? – Baba wa sita, Mombasa, ile ya Unguja si ya Kenya

Siku moja inatosha mkitoka Chake alfajiri. Chukueni Zan ID nyote wakubwa, mana sehemu hizi bei ya mwenyeji na ya mgeni si moja, na ukifika na kofia na miwani ya jua bila kadi utajieleza mpaka adhuhuri. (Hapo sasa ndiyo kila mtu anapenda kutambulika.)

Anzieni Chwaka karibu na Tumbe, si Chwaka yenu ya Unguja. Kuna magofu ya msikiti wa Haruni, mtoto wa huyo huyo Mkama Ndume, na pembeni makaburi ya Wamazrui, ukoo wa Mombasa, na safari hii ndiyo ya Kenya, waliotawala Pemba mpaka walipotolewa na jeshi la Seyyid Said, mtawala wa Omani, mwanzoni mwa miaka ya 1820. Nyasi zinakuwa ndefu, vaeni viatu, nyoka ni wenyeji wa pale na hawaombwi vitambulisho.

Kisha Konde mnunue maji na mikate, na muingie msitu wa Ngezi. Hapa msiharakishe. Sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa hivi zamani kabla ya mikarafuu kufyeka vilima, kipande kikubwa kilichobaki ni hichi. Mtaona mivule mikubwa isiyokumbatika na mtu mmoja, na mtaona mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao asili yake ni Pemba tu. Kima punju wapo ila hao si wenyeji, waliletwa kutoka Unguja 1974, kwa hiyo watoto wenu wakiwaona waambieni ni jamaa zao. Ndege wa Pemba pekee, wasiozaliwa kwengine duniani, ni wanne, kibundi, ninga, chozi na kale kadogo kenye duara jeupe machoni. Kibundi mtamsikia usiku tu, kwa hiyo mkiambiwa mchana "yule pale" ni uongo wa kutafuta bakhshishi.

Ukitoka msituni unamwagika Vumawimbi, mchanga mweupe na hakuna mtu, hakuna hata mti wa kivuli wa kutosha, watoto wapakeni mafuta. Mkiwa na muda endeleeni mpaka Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, ni wa chuma na umesimama tangu 1900. Ombeni ruhusa kwa mwangalizi kwanza. Ngazi zake ni nyembamba, mimi goti langu lilikataa nusu ya njia na nikakaa kumsubiri mjukuu anieleze alichokiona.

Ras Mkumbuu msiitie siku hiyo hiyo, ni upande wa Chake magharibi na inafikika vizuri kwa boti. Hiyo ipeni siku yake. Pana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na wapo wataalamu wanaosema huko ndiko Qanbalu, mji ambao msafiri Al-Masudi aliutaja katika karne ya 10 kuwa una Waislamu. Wengine wanabisha, na mimi nimewaachia.

Kwanini kisiwa cha Misali kinaitwa Misali? – Mwanafunzi, Wesha

Kwa sababu ya msala, mkeka wa kusalia. Wazee wanasema Nabii Khidhri alifika pale na wavuvi, akawaomba msala asali, hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hichi kimeelekea kibla, kitakuwa ndiyo msala wangu. Kilitengwa kuwa eneo la hifadhi 1998, na wavuvi walipohimizwa kuacha baruti na nyavu mbaya, wengi waliguswa zaidi na maneno ya dini kuliko na karatasi za Serikali, jambo ambalo mtu yeyote wa Wesha angewaambia tangu mwanzo.

Maalim popo wa Kidike ndio wale wale wanaokula maembe yetu? Naweza kuwashitaki? – Mkulima aliyechoka

Ndio hao hao, popo wa Pemba, mbawa zikikunjuliwa zinafika mita 1 na nusu na ushei, na duniani hawapo ila hapa. Zamani tuliwala sisi mpaka wakakaribia kwisha, sasa wanalipiza. Kushitaki hutoweza, kwanza atakayeitwa ni yupi? Funika maembe yako kwa magunia yanapoanza kupevuka, na ukenda Kidike jioni uwatazame wakiruka.

Barua za mwezi ujao ziandikwe kwa herufi zinazosomeka, na yule aliyeniuliza kuhusu cheti cha kuzaliwa cha pacha, ndugu yangu, umesahau kuandika uko shehia gani, andika tena.